Soksi za Maman Juu ya Theluji

Maman yangu, kule Cimpunda, uko muzima?

Huku Uswisi leo tulijifunza kuteleza na ski, zile mbao ndefu za kufunga ku viatu, juu ya theluji. Mimi nikachagua viatu vikubwa, nikavaa soksi tatu ndani, sawa vile ulikuwa unatununulia viatu vya masomo vikubwa ili vifike mwaka kesho. Miguu ikacheza ndani, ikakufa baridi, nikaanguka. Muzungu mwenye kutufundisha akasema: «Nabintu, chukua viatu vya kipimo chako, na soksi moja tu. Ao uende ukae kwa moto.»

Mimi, mutoto wa Zaïre, nikae kwa moto? Hapana! Nikachukua viatu vya kipimo changu, nikabakisha tu soksi zile za manyoya ulinifumia. Nilianguka tena, nikasimama tena, mpaka nikafika chini kabisa ya mulima. Kesho ninarudia pale juu.

Usiogope baridi, maman. Miguu yangu iko mu mikono yako.

Nabintu wako