Laptopu Aliyoichagua Kukhu

Jumamosi jioni

Aliyechagua ni Kukhu, nyanya yangu huyu ambaye hajawahi kuwasha laptopu hata moja.

Dukani mjini nilishaipenda ile mpya, nyembamba. Kukhu, aliyeuza mahindi yake ili ninunue, akamwambia muuzaji, "Mwache mjukuu wangu afanyie kazi yake hapa tuone."

Nikachomeka flashi yenye programu ninayotengenezea app za simu. Ile mpya ikakwama. Nikajaribu kuukuu moja, nzito, bei ileile lakini memori kubwa, ikaendelea tu. Kukhu akaishika tumboni kwa kiganja, kama anayepima homa ya mtoto; haikuwa na joto.

"Hii haichokangi. Chukua hii, mjukuu."

Nami nilikuwa nimeona haya kwenda naye!

Bado naogopa sitaiweza kazi yenyewe. Lakini garini, hadi nyumbani Shinyalu, aliipakata mwenyewe, akakataa kunipa.