Undugu Wetu Umekuwa Kosa

Duka la Dawa la Stamper,
Lick Fork, Kentucky.
14 Novemba 2024

Mpendwa Mama Mdogo Orlena,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Joto la huko Arizona limekupunguzia maumivu? Sisi wa huku milimani tu wazima wa mwili. Roho ndiyo inayochemka, na usiposikia kwangu utasikia kwa wambeya wa kanisani.

Unajua mafuriko yalivyolifanya duka la kaka yangu Ruffin kule bondeni. Siku zile zahanati nayo ilikwenda na maji, daktari hapatikani, Ruffin akawapa wagonjwa wake wa kisukari insulini bila cheti kipya cha daktari. Hakufa mtu. Shukrani yake? Kampuni ya bima ikamfukuza kwenye orodha ya maduka inayoyalipia dawa za wateja, na duka likafa.

Sasa ni zamu yangu. Unakumbuka Mama alivyotuachia kila mmoja hisa ndogo katika duka la mwenzake, ili tusije tukatupana? Wewe ndiye uliyemshika mkono akisaini. Basi hisa hiyo ndiyo wanayonishikia. Eti mwenye uhusiano na duka lililofukuzwa naye afukuzwe! Hapa karibu kila mtu ana kadi yao ya bima. Wakinitoa, nafunga.

Niliwapigia simu. Akapokea mama mmoja mwenye sauti ya asali, akaniambia, "Kata uhusiano, dada, tutalitazama upya." Nikamwuliza, "Na nyie mnaomiliki duka la kutuma dawa kwa posta, uhusiano huo hauna kosa?" Akanitakia siku njema. Siku njema! Hana haya kabisa.

Huko posta ndiko wanakotaka wateja wangu waende. Mzee Delphus wa kule juu kilimani, sanduku lake la barua ni la bati, na baridi imeshaanza kuuma. Insulini ikiganda ni ya kutupa. Hao wa maofisini wanajua nini?

Ruffin ndiye aliyenisukuma. Tulikuwa kwake tunakula maharage na mkate wa mahindi. "Saini, Verlene, usiwe kichwa ngumu. Mama angekuwepo angekuchapa mwiko." Nikasaini kumrudishia hisa yake, naye akasaini kunirudishia yangu, na hakuna aliyemaliza sahani yake. Nisamehe, Mama Mdogo. Nimevunja neno la dada yako nikidhani naokoa duka.

Jibu limekuja jana. Hisa zimekwisha, wamekubali. Lakini mimi bado ni ndugu yake wa damu, na huo nao ni uhusiano. Mwisho wa mwezi, nje! Washenzi wakubwa. Ningejua watanimaliza vilevile, kalamu ile ningeivunja.

Basi nikampigia Ruffin, "Vaa koti lako jeupe uje kazini." Alidhani natania. Tangu asubuhi yuko hapa kaunta, ananigombeza nilivyopanga rafu, na Mzee Delphus ameondoka na insulini ya kumfikisha Krismasi. Baada ya hapo sijui.

Nisalimie Baba Mdogo Hoyt na watoto wa Trula. Ukisali leo, tutaje sote wawili kwa pumzi moja, usitutenganishe. Mungu akutunzie goti hilo na moyo wako mkubwa.

Mwanao akupendaye,
Verlene,
dada yake Ruffin.