Fundi Taratibu, Pokea Habari za Kaka

Ni mwaka mmoja sasa tangu ulipokung'uta kitambaa cha mteja wako wa mwisho, ukafunga saluni mapema, ukasema unakwenda kujinyoosha kidogo. Hukuamka. Wateja walikuita Fundi Taratibu, na siku ile pekee ndiyo tuliyokuona na haraka.

Naandika mimi, dada yako wa katikati. Mkeo amenisukumia kalamu akisema, "Wifi, wewe ndiye mwenye mdomo." Sikubisha, maana ni kweli.

Ndugu yetu, kitinda mimba wetu, hatujamsahau mtu aliyeweza kunyoa kichwa kimoja mpaka mteja akasinzia na kuamka. Akilalamika, ulikuwa ukimwambia, "Mungu amezihesabu nywele zako zote. Mimi ni nani nizipitie mbiombio?" Wagonjwa uliwafuata majumbani na begi lako, ukawanyoa kitandani, ukawapaka poda shingoni, ukawaachia na utani wa kuwatosha wiki nzima. Wembe ulipokuwa mkononi ulikuwa mpole kupita kiasi. Kwenye karata ulikuwa mwizi wa mchana kweupe, na hilo nalo tumelikosa.

Habari za nyumbani ni njema. Binti yako ameifungua tena saluni. Mwanzoni watu walinong'ona, msichana na wembe wapi na wapi. Sasa hao hao wanapanga foleni. Kiti chako cha kuzunguka bado kinalia, na amekataa kabisa kisitiwe mafuta. Mwanao mkubwa amepata mtoto wa kiume, kazaliwa na nywele kichwa kizima, tukampa jina lako bila mjadala. Mkeo amerudi kwaya. Goti langu ni lile lile, usiulize.

Lakini nakujua. Unayetaka habari zake ni kaka mkubwa.

Kaka ametutesa. Unajua tangu ulipoanza kazi hakuna mkono mwingine uliomnyoa, kwa sababu ya lile kovu nyuma ya sikio la kushoto ambalo kila kinyozi wa kabla yako alilikwangua akalitoa damu. Baada ya mazishi hakukubali wembe wa mtu. Nywele zikaota, ndevu zikaota, ikafika mahali mteja anamwita yeye, fundi bomba wake wa siku zote, kisha akimwona mlangoni anamuuliza anamtafuta nani.

Tulicheka, lakini nyuma ya kicheko tulikuwa na hofu, maana kanisani pia hakukanyaga tena. Mchungaji alimfuata, akamwambia lile tunaloambiana sote: kazi ya Mungu haina makosa.

"Basi hii aliifanya kwa haraka," kaka akamjibu. "Mkubwa nipo hapa, kachukuliwa mdogo. Mchungaji, hiyo ni foleni gani?"

Mchungaji ana busara. Hakubishana; aliomba maji ya kunywa, akakaa naye kimya mpaka jua likatua. Mimi sina busara hiyo. Nikasema, "Kaka, usikufuru." Niliogopa kwamba tulizika mmoja na tunampoteza wa pili huku anatembea. Tulipomwambia kuhusu ibada yako ya kumbukumbu, Jumapili hii, akasema haendi. "Niende nikashukuru nini?"

Jumamosi iliyopita binti yako alikwenda kwake. Hakuwa na maneno, alikuwa na begi lako. Akatoa kiti cha jikoni akakiweka uani, akamfunga kitambaa shingoni kabla hajapata nafasi ya kukataa. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini.

"Mwanangu, hiki kichwa hukijui," kaka akasema.

"Nakijua, baba mkubwa."

Akaanza, taratibu, mpaka nikakuona wewe. Alipofika nyuma ya sikio la kushoto aliweka mashine chini, akashika wembe, akafunika kovu kwa kidole gumba, akapita kandokando yake bila kuligusa.

Kaka akamshika mkono. "Hapo nani kakufundisha?"

"Baba. Alijichora kovu lako kwa kalamu, nyuma ya sikio lake, akanifanya nirudie na kurudia. Akasema, 'Huenda nikatangulia. Usije ukamkata kaka yangu. Hapo ndipo alipopasuka tulipoanguka kwenye ngazi akiwa amenibeba. Alipasuka, na hakuniachia.'"

Kaka alilia, ndugu yangu. Mazishini hakulia, mwaka mzima hakulia, na siku hiyo alilia mpaka kitambaa kikalowa. Alipotulia akatazama chini, nywele zimemzunguka miguuni.

"Na hizi zote Mungu kazihesabu?"

"Zote, baba mkubwa," binti yako akasema. "Hata hizi za mwaka huu uliomnunia."

Akajipukuta nywele mabegani, halafu akasema atakuja Jumapili, ila ugomvi wake na Mungu haujaisha. Nikamwambia aje nao, kanisa lina nafasi. Na wewe kaka mkubwa, kwa kuwa najua tangazo hili la kumbukumbu utalisoma gazetini mara mbili: Mungu hamfukuzi mtu kwa machozi yake wala kwa hasira zake. Ndugu yetu yuko mikononi mwa Yule aliyekuwa akikuhesabu hata ulipokataa kuhesabiwa. Tutamwona tena.

Unakumbukwa na mkeo, wanao, mkweo na mjukuu mwenye jina lako; na mchungaji na waumini wote; na wateja wako, ambao sasa wanasinzia mbele ya binti yako; na mimi dada yako. Na unakumbukwa na kaka yako, atakayekaa benchi la mbele Jumapili hii, kichwa kinang'aa, kovu halina hata mkwaruzo.

Siku zote za maisha yetu hatutakusahau. Pumzika, Fundi. Taratibu.