Laini Tano kwa Jina Langu

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Mkutano ofisi ya kijiji. Nilidhani ni mambo ya vyoo tena! Kumbe kaja afande kutoka Tanga mjini, Kristina, mwembamba, sauti ya kwaya. Kasema wanaosafirisha watu kwa magendo kupitia huku Moa hawakamatiki kwa sababu laini zao zina majina ya wengine. Ukimfuata mwenye namba unamkuta bibi anakuna nazi. Sikupiga hata mwayo! Katufundisha kubofya *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Jumanne, 16 Septemba

Nimebofya. Ninayo laini moja tu. Zimekuja tano!

Nimekumbuka. Mwaka jana, Yasini, anayesajili laini chini ya mwavuli pale zahanati. Vidole vyangu vimeliwa na mwani, mashine haivisomi. Akasema weka tena, mama. Tena. Sisi wakulima wa mwani tumezoea kurudia. Nikaweka na kuweka, na dua nikamwombea kwa subira yake. Kumbe kila kidole laini mpya. Mjinga mimi!

Na Yasini ndiye mchumba wa mwanangu Najat. Ndoa Mfungo Saba, mwezi ujao.

Alhamisi, 18 Septemba

Udadisi utaniponza. Nimepiga namba mojawapo. Kapokea mwanamume, nyuma yake watu wanakohoa, wengi, kama wamefungiwa chumba kimoja. Kauliza leo naleta wangapi. Nimekata.

Nimemwendea Yasini. Kasema kuna mteja wa mpakani huchukua laini nyingi, hakumuuliza za nini. Ameapa. Namwamini — nusu. Kijana anayeuliza hata bei ya chumvi, hilo hakuuliza?

Najat kalia. Nikimtaja Yasini kwa afande, wanamfunga. Lakini wale wanaokohoa nao wana mama zao.

Ijumaa, 19 Septemba

Afande Kristina kaja baada ya swala. Nimemtaja Yasini. Nimesema yote.

Kaniambia mteja huyo ndiye wanayemtaka, na njia ni Yasini. Yasini asijue nimemtaja kabla hawajamfikia; akishtuka yeye, mteja kapotea na watu wake. Afande yuko barazani, anamngoja mwenyekiti ashuhudie maelezo yangu.

Nimeingia ndani kuchukua kitambulisho. Najat kajifungia chumbani. Anaongea na simu, sauti ya chini. Nimegonga — hafungui. Nimekaa kitandani naandika, sijui kwa nini naandika.

Afande anaita, kitambulisho kimeonekana?

Najat anasema kwenye simu, "Yasini, ondoka sasa hivi."