Profesa wa Ngagara

Cibitoke, Bujumbura
14 Mei 2001

Mdogo wangu mpendwa Twalibu,

Asalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima huko Brussels, na ile baridi iwe imekuhurumia kidogo. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Risasi za milimani bado tunazisikia, lakini kibanda changu cha kutengeneza televisheni nafungua kila siku, na mama anashona humo humo pembeni yangu.

Ile mashine ya michezo ya televisheni uliyotutumia imeniletea vituko. Watu wazima wanaleta redio mbovu, kisha wanazisahau na kukaa kucheza hadi amri ya kutotoka nje inapokaribia. Mchezo wa ngome ndio uliotutoa jasho. Tulipofika langoni, maandishi ya Kifaransa yalituamuru tupike lango. Fundi Musafiri alitafuta sufuria ndani ya ngome ile siku tatu. Mwishowe mama aliinua macho kwenye cherehani akasema Wajapani walikusudia kusema tufungue, na kwamba hata kitenzi chenyewe wamekinyambua vibaya.

Ulinieleza kwamba Wazungu walikuwa wakiwacheka mabosi wako wa Kijapani kwa Kifaransa cha namna hiyo, ndipo wakakuajiri: kila mchezaji anayeandika ajibiwe, kosa lirekebishwe, na jina lake lichapwe kwenye kijitabu cha mchezo unaofuata. Kumbe njia hiyo imewajengea heshima mpaka Paris. Hongera kwa kupandishwa cheo. Unasema ni kwa sababu ya masahihisho ya Profesa Jovithe wa Ngagara, barua kumi na moja, na kwamba mabosi wanataka nimtafute nimpige picha akiwa amevaa tai, waitie kwenye matangazo yao.

Nimekwenda mtaa wa Ngagara. Sanduku la posta analotumia ni la Zénon, karani wa wizara niliyesoma naye. Profesa hakuwepo, wala hajawahi kuwepo.

Twalibu, nisikufiche zaidi. Profesa Jovithe ni mama. Alikuwa akisoma maandishi ya kwenye kioo huku anapinda mashati, kwa Kifaransa alichofundishwa na masista pamoja na ushonaji, nami nikipiga barua zake kwa taipureta ya Zénon. Siku moja nilimuuliza kwa nini asiweke jina lake mwenyewe. Hakuacha hata kukanyaga cherehani.

“Twalibu, mama yake anamutumia musitari moja, unisalimie mama, sasa ni mwaka wa pili,” alisema. “Profesa anamwandikia karatasi mbili. Anamuuliza kama analala vizuri na hizi risasi.”

Majibu yako yote anayo, chini ya vitambaa vya wateja. Nilipomweleza habari ya picha, nilidhani atakasirika. Akatoa tai ya marehemu baba, akanyoosha shingo, akaniuliza kama maprofesa hucheka wakipigwa picha.

Picha imo ndani ya bahasha hii. Kuwaonyesha mabosi au kutowaonyesha, hilo utaamua wewe. Ila jibu la barua hii usiniandikie mimi.

Zénon anakusalimia, anasema sanduku lake halijawahi kupata heshima kiasi hiki. Musafiri na majirani wote wanakusalimia pia. Mungu akulinde.

Ni mimi kaka yako,
Khaled