Mto Umehama, Shamba Lipo Palepale

Kijiji cha Wema,
Garsen.
9 Februari 2026

Kaka mpendwa Oliver,

Pokea salamu zetu sote. U mzima? Kile kifua kimepoa, au baridi ya mashine za ofisini huko Doha bado inakuonea? Sisi hatujambo, ila mbu ndio wanaovuna mwaka huu.

Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu hukawii kusema "nitakupigia". Joy, jirani yetu, anakuja huko kikazi, atakukabidhi barua hii mkononi.

Ulitutumia picha ya setilaiti ukisema shamba la marehemu mama limebaki pori tupu, basi tuliache. Nilicheka, kisha nikalia. Umelitafuta ng'ambo ya mto, kwa mazoea ya utotoni! Mafuriko ya mwaka juzi yalipasua njia nyingine, mto ukapita nyuma ya shamba. Siku hizi hatupandi mtumbwi, tunakwenda kwa miguu. Hapo unapoona weupe ni mchanga ulioletwa na maji. Ndipo mama alipotufundisha kupanda mpunga, wewe ukilia kwa kuogopa ruba.

Wapimaji wa ardhi watafika tarehe mbili Machi. Shamba lisilo na mtu wa kuonyesha mipaka yake litaandikwa halina mwenyewe. Mpaka wa chini naujua, na Abdimajid, ambaye ng'ombe wake hupita hapo kwenda malka, mtoni, kunywa maji, amekubali kushuhudia. Mpaka wa juu mama alikuonyesha wewe, kifungua mimba wake.

Juzi nilikwenda kuutafuta peke yangu. Nilisimama mchangani nisijue nielekee wapi. Niliona aibu, kaka. Nimezaliwa hapa, nikawa kama mgeni.

Tena si mpaka tu. Nakutamani wewe mwenyewe, na kelele zako, na ubishi wako wa kila jioni. Miaka sita ni mingi. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, nawe tezi umeshafika, omo umeshafika.

Lois, binti yangu, anakusalimu. Shangazi Mashavu naye anasema siku ya kuja usile njiani. Mungu akulinde, akufungulie njia ya kurudi.

Karani alipita jana kuorodhesha wenye mashamba. Mbele ya jina lako akataka kuandika "hayupo". Nilimwomba aandike kwa penseli.

Dada yako akupendaye, anayekungoja,
Dorothy