Huna Kesi, Baba Achieng'

Baba Achieng',

Sijui barua hii itakukuta wapi, ndiyo maana sikuifunga. Mwalimu wa misheni ameninakilia mara kadhaa, isomwe makanisani na kwenye kambi za wafanyakazi, popote mtu wa ziwani anapoweza kuisikia.

Unakumbuka mwaka wetu wa kwanza kwenye mashamba ya chai, ulipoonja mursik ya mama, yale maziwa ya kibuyu yenye masizi ya mkaa, ukauliza, "Haya maziwa yaliangukia jikoni?" Mama alicheka mpaka akaketi chini. Baadaye wewe ndiye uliyekuwa ukikung'uta kibuyu. Na mvua ya Kericho ilipotukuta tukichuma, ulinivika gunia lako, ukabaki unatetemeka huku ukijidai kuimba. Nakukumbuka hivyo, si vile tulivyoachana.

Tuligombana kwa sababu ulitaka turudi kwenu, nami nikakataa kumwacha mama. Nikambeba Achieng' nikaenda zangu Chebunyo. Huko nilimkuta kaka yangu Kipkoech, askari polisi, yuko likizo. Aliyaona machozi yangu. Nikamwambia, "Nenda ukaseme na shemeji yako, polepole." Sikumtuma zaidi ya hapo.

Mengine nilielezwa na jirani yetu, Mama Njeri. Kipkoech alifika kambini amevaa koti la nyumbani, akatoa beji ya polisi mfukoni, akakuonyesha mbele ya watu. "Wewe Ouma, serikali inakutafuta. Kesho nitakuja na pingu."

Ulimuuliza, "Shemeji, nimefanya nini?" Akageuka, akaenda zake. Niliporudi, mlango ulikuwa wazi na kipande chako, kile cheti cha kazi cha serikali, bado kinaning'inia msumarini.

Nilikwenda kituoni mwenyewe. Sajini alinisikiliza, kisha akasema, "Mama, huyo hana kesi hapa. Kaka yako alikuwa likizo, na hakuna mtu aliyemtuma. Beji si ya kutishia mashemeji." Akamwita Kipkoech, akamnyang'anya ile beji mbele yangu. Kaka akasema, "Nilitaka aogope tu, akufuate akuombe msamaha." Nilishindwa kumtazama.

Alifunga safari mpaka kwenu ili akuombe radhi. Watu wenu waliposikia kuna askari amekuja, walisema hawajawahi kulisikia jina lako. Siwalaumu. Kinachoninyima raha ni kwamba hukuwa na kosa, na sasa unatembea bila kipande, kosa ambalo unaweza kukamatwa kwalo kweli. Hilo ndilo alilokufanyia.

Kipkoech analima kwa mama siku hizi. Tunakula pamoja kwa sababu ni kaka yangu. Siku nyingine namhurumia. Siku nyingine sitaki kusikia hata kikohozi chake.

Nyumba ya kambini wamepewa wengine. Ukishuka treni Fort Ternan, usipitie huko, njoo moja kwa moja Chebunyo. Ukitaka tuhamie kwenu, nitafunga mizigo. Na kama umepata mke mwingine, sitakuja kukuvuruga. Mtume mtu aseme tu kwamba uko hai.

Achieng' ameanza kuniuliza baba yake aliiba nini. Watoto wa jirani ndio waliomtia neno hilo. Namwambia hukuiba kitu cha mtu, naye hunitazama kama mtu mzima aliyeamua kutoniaibisha.

Mkeo,
Mama Achieng'